Joy Adamson: Mlezi wa simba Elsa aliyeuawa Shaba

MTO Ewaso Nyiro ukishapita Merti na kufika Korbesa, katika Kaunti ya Isiolo, huwa umekwisha kuchoka. Maji yake hupungua kadiri unavyosonga mashariki, mpaka yakaishia katika kinamasi cha Lorian. Wafugaji wa Kiborana wanaonyweshea ng'ombe, mbuzi na ngamia wao hapo hutumia maji yaleyale ambayo, siku kadhaa kabla, yamepita miguuni mwa tembo wa hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba.

Juu ya mto, watalii hulipa fedha nyingi ili wamwone simba. Chini ya mto, wachungaji hukesha ili simba huyohuyo asiwafikie mbuzi wao. Kati ya pande hizo mbili lipo jina la mwanamke mmoja aliyeijulisha dunia nchi hiyo kavu, akapata sifa na mali kwa ajili yake, na hatimaye akaimwagia damu yake. Mwanamke huyo ni Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha Born Free na mlezi wa simba jike aliyeitwa Elsa.

Watu wengi wanamfahamu Joy kupitia Elsa pekee. Hata hivyo, maisha yake yalianza mbali sana na Isiolo, na yalikuwa na mambo mengi ambayo sinema haikuyaonyesha.

Kutoka Ulaya hadi Kenya

Alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, na familia ilikuwa na uwezo mkubwa, ikimiliki shamba lenye misitu ambamo watoto walizoea kutembea na kuwatazama wanyama.

Furaha hiyo haikudumu. Wazazi wake walitengana angali mtoto, na malezi yake kwa kiasi kikubwa yakawa mikononi mwa nyanya yake mjini Vienna. Huko alisomea muziki, akawa mpiga piano hodari, lakini hakufika katika daraja la wale wanaoishi kwa kupiga piano mbele ya hadhara. Alijaribu uchongaji. Akajiandaa kusomea udaktari, nao akauacha kabla ya kuanza. Alikuwa na vipaji vingi na subira haba, tabia ambayo haikumtoka hadi kufa kwake.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Wakati huo utawala wa Adolf Hitler ulikuwa umekwisha kushika Ujerumani, na Wayahudi wa Austria walianza kutafuta pa kukimbilia. Mwaka 1937 Klarwill alimtuma mkewe atangulie Kenya kuona kama nchi hiyo ingewafaa. Safarini, ndani ya meli, mwanamke huyo alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina la Joy, maana yake furaha, na jina hilo likayafunika yote aliyopewa na wazazi wake.

Bally alifanya kazi ya kukusanya na kuchunguza mimea, naye Joy akawa akifuatana naye porini. Katika safari ya kitaalamu ya vilima vya Chyulu alianza kuchora maua. Aliyachora kwa uangalifu mkubwa, kila unyuzi na kila rangi mahali pake, hata wataalamu wakaweza kuitumia michoro hiyo katika vitabu vyao. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Wakati huo Elsa alikuwa hajazaliwa. Joy alikuwa na umri wa miaka 37, na tayari alikuwa msanii mwenye heshima yake.

Mke wa Bwana Nyama

Mwishoni mwa mwaka 1942, katika sherehe za Krismasi mjini Garissa, Joy na Bally walikutana na George Adamson. George alizaliwa India mwaka 1906, akafika Kenya akiwa kijana mwaka 1924, akafanya kila kazi aliyoipata, ikiwamo ya kutafuta dhahabu na ya kufanya biashara ya mbuzi, kabla ya kujiunga na idara ya wanyamapori mwaka 1938. Kituo chake kilikuwa Isiolo, na eneo lake lilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi kubwa iliyoanzia hapo hadi kwenye mipaka ya Ethiopia na Somalia. Wenyeji waliwaita maafisa wa idara hiyo Bwana Nyama.

Ndoa ya Joy na Bally ikavunjika, na mwaka 1944 Joy akaolewa na George. Hiyo ilikuwa ndoa yake ya tatu na ya mwisho.

Isiolo ya miaka hiyo ilikuwa lango. Kaskazini yake palikuwa na kizuizi, na serikali ya kikoloni iliifunga wilaya nzima. Hakuna aliyepita bila kibali. George alizunguka katika nchi hiyo kwa ngamia, kwa punda na kwa gari, akifuatana na askari wake wa wanyamapori, wengi wao wakiwa wenyeji waliozijua njia, visima na nyayo kuliko yeye. Walikamata majangili wa pembe na pia waliwaua simba walioshambulia watu na mifugo. Joy alifuatana naye katika nyingi ya safari hizo, akiwa amebeba makaratasi na rangi zake.

Ndipo alipoanza kazi yake kubwa ya pili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchini, kutoka pwani hadi Magharibi na kutoka Umaasaini hadi jangwani, akichora wazee wa baraza, maharusi, waganga, vijana waliotoka jandoni na wapiganaji. Michoro hiyo ilifikia mamia. Nyingi yake imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 1967 Joy alitoa kitabu kuhusu watu wa Kenya kilichotokana na kazi hiyo.

Thamani ya picha hizo imekua kwa kupita kwa miaka. Mapambo, mitindo ya nywele na mavazi mengi aliyoyachora hayavaliwi tena, na wapo Wakenya ambao wameiona sura ya babu zao kwa mara ya kwanza katika karatasi za mwanamke huyo wa Ulaya. Lakini pia ni kweli kwamba kazi hiyo ilitoka katika ofisi za ukoloni, ambako watu walioketi mbele ya mchoraji walionekana zaidi kama mifano ya makabila yao kuliko watu wenye majina na maisha yao.

Elsa

Februari 1, 1956, George alikuwa kaskazini ya Isiolo, katika nchi ya Waborana. Habari ilimfikia kwamba simba mla watu amemuua mmoja wao, na kazi yake ilikuwa kumsaka. Yeye na mwenzake walipokuwa wakipanda kwenye vilima vyenye mawe, simba jike aliwarukia ghafla, nao wakamuua kwa risasi. Walipomkagua waliona matiti yake yamejaa maziwa. Wakaelewa kwamba aliwarukia kwa sababu ya watoto wake. Walitafuta katika nyufa za miamba, wakawapata watoto watatu, wote majike, wenye umri wa siku chache tu.

Kwa hiyo mwanzo wa hadithi iliyokuja kupendwa na dunia nzima ulikuwa kifo cha mchungaji wa Kiborana na kifo cha simba mzazi. Jina la mchungaji huyo halikupata umaarufu wowote.

George aliwapeleka watoto hao kwa mkewe. Joy aliwalea kwa maziwa na mafuta ya samaki, akisaidiwa na pimbi aliyemfuga, aliyeitwa Pati, ambaye alikaa nao kana kwamba ni wanawe. Wafanyakazi wa nyumbani nao walibeba sehemu yao ya kazi. Kijana aliyeitwa Nuru ndiye aliyewachunga mchana kutwa. Baada ya miezi michache ilionekana kwamba simba watatu ni mzigo mkubwa. Wawili wakubwa walipelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Akabaki mdogo wao, Elsa.

Elsa alikua kama mtoto wa nyumbani. Alilala kwenye kitanda cha safari, alipanda juu ya gari, aliogelea katika Bahari ya Hindi na kutembea kwa miguu hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo linaitwa Ziwa Turkana. Alipofikisha miaka miwili, George na Joy walikabiliwa na uamuzi. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumpeleka katika bustani ya wanyama, kama dada zake. Wao wakaamua kumrudisha porini, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini kwamba linawezekana kwa simba aliyelelewa na binadamu.

Jaribio la kwanza lilishindwa, kwani Elsa aliugua katika nchi asiyoizoea. La pili lilifanyika mwaka 1958 katika eneo la Meru, karibu na mto Ura. Kwa kuwa simba huyo hakuwahi kufundishwa na mama yake kuwinda, ilibidi wamfundishe wao. George aliwapiga risasi wanyama wengine ili Elsa apate kula, na mbuzi walinunuliwa kwa ajili yake. Upendo kwa mnyama mmoja uligharimu uhai wa wanyama wengi, nao Adamson na mkewe hawakuuficha ukweli huo.

Hatimaye Elsa aliweza kujitafutia riziki. Alipata dume la porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu, ambao Joy aliwapa majina ya Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba simba huyo, aliyekuwa sasa mzazi wa porini, aliwaleta wanawe kambini na kuendelea kumkaribia Joy bila kumdhuru.

Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960. Kiliuzwa kwa mamilioni na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Kilifuatwa na Living Free mwaka 1961 na Forever Free mwaka 1962. Mwaka 1966 ilitoka sinema, ambamo Virginia McKenna na Bill Travers waliigiza kama Joy na George. Sinema hiyo ilipigwa nchini Kenya, muziki wake ukashinda tuzo za Oscar, na watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kulisikia jina la Isiolo wakaanza kutamani kuiona nchi ya Elsa.

Upande wa pili wa hadithi

Watu waliokuwa jirani na Elsa waliiona habari hiyo kwa macho mengine. Simba wa kawaida humwogopa mtu. Elsa hakumwogopa. Kuelekea mwisho wa mwaka 1960, baraza la Waafrika la wilaya ya Meru lilitaka simba huyo na watoto wake waondolewe, likiona kwamba mnyama aliyezoea watu ni hatari kwa wanaochota maji na kuchunga. Joy aliumia sana kwa uamuzi huo, akaanza kutafuta makao mapya.

Kabla hayajapatikana, Elsa aliugua. Alifariki Januari 24, 1961, kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa kando ya mto Ura. Alikuwa hajatimiza miaka mitano.

Hofu ya baraza ilithibitika upesi. Watoto wake, wakiwa bado hawajakomaa katika kuwinda, walianza kuua mifugo ya wanavijiji. Wenye mifugo walijitetea kwa silaha zao, na Jespah akabaki na kigumba cha mshale mwilini. George na Joy waliwanasa wote watatu, wakawasafirisha mwaka huohuo wa 1961 hadi Serengeti, nchini Tanganyika, na kuwaachia huko. Joy alirudi mara nyingi kuwatafuta, akitaka hasa Jespah atolewe kile kigumba. Kuna siku aliwaona, na kuna siku ambayo ilikuwa ya mwisho, bila yeye kujua kwamba ni ya mwisho.

Katika mgogoro huo hakukuwa na mwovu. Mwanamke aliyewalea simba alikuwa na haki ya kuwalilia, na mtu aliyetegemea mbuzi kumi kuwasomesha na kuwalisha watoto wake alikuwa na haki ya kuwalinda mbuzi wake. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumfidia mmoja bila kumdhulumu mwingine. Tatizo hilo halikuzikwa pamoja na Elsa.

Fedha za vitabu, Joy hakuzitumia kwa anasa. Mwaka 1963 alianzisha mfuko wa Elsa, na sehemu kubwa ya mapato yake ikaenda katika uhifadhi. Meru ilinufaika, na mwaka 1966 ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 870, mito mingi inayotoka katika safu za Nyambene, mikoma kando ya maji na nyasi ndefu, na kwa upande wa Isiolo inapakana na Hifadhi ya Bisanadi.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya msiba kwa wafugaji wa Isiolo. Katika vita vya shifta, vilivyopiganwa kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya Waborana wengi katika kambi zenye ulinzi, zikiwamo za Merti na Garba Tulla. Ng'ombe na ngamia waliangamia, na familia zilizokuwa na mali zikabaki maskini. Wakati wasomaji wa Ulaya walipokuwa wakisoma juu ya uhuru wa simba mmoja wa nchi hiyo, wenyeji wa nchi hiyohiyo hawakuwa na ruhusa ya kwenda malishoni.

Duma, chui na upweke

Joy hakujaliwa mtoto. Mimba zake ziliharibika. Wengi waliomfahamu wameeleza kwamba moyo wake ulifunguka kwa wanyama kwa urahisi ambao hakuwa nao kwa watu. Alikuwa mwepisi wa hasira, mgumu wa kusamehe, na wafanyakazi hawakudumu kwake. Hata George, mtu mpole aliyependa kiko chake na utulivu wa kambi, hakuweza kuishi naye daima. Hawakuachana kisheria, ila kila mmoja alikuwa na kambi yake.

Katikati ya miaka ya 1960 wote wawili walikuwa Meru. George alikuwa akiwarudisha porini simba waliotumiwa katika sinema. Joy alikuwa na duma jike aliyeitwa Pippa, aliyemfunza kuishi peke yake na kumfuatilia alipozaa mara kadhaa. Mwaka 1969 ulikuwa mchungu. Joy alipata ajali ya gari iliyoharibu mkono wake wa kulia, naye akapoteza uwezo wa kupiga piano na kuchora kama zamani. Mwaka huohuo Pippa alikufa. Na mmoja wa simba wa George, aliyeitwa Boy, alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa mbuga. George alitakiwa kuondoka na simba wake, akahamia Kora, kando ya mto Tana, mwaka 1970. Mwaka uliofuata Boy alimuua mmoja wa wasaidizi wake, naye George akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea.

Joy alikaa Elsamere, nyumba yake kwenye ufuo wa Ziwa Naivasha, akiandika vitabu na kuwatazama mbega katika miti ya bustani yake. Lakini hakuridhika. Alikuwa ameshaishi na simba na duma, alitaka chui. Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa anakaribia miaka 70, alipata mtoto wa chui jike, akamwita Penny, akahamia naye Shaba.

Kifo Shaba

Shaba ilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1974. Ina kilomita za mraba 239, na imo upande wa kusini wa Ewaso Nyiro, mashariki ya barabara kuu inayotoka Isiolo kwenda Marsabit. Tofauti na jirani zake Samburu na Buffalo Springs, hupokea wageni wachache. Ardhi yake imefunikwa na mawe meusi ya volkano, mlima Shaba ukisimama kwa mbali, na katikati ya ukame huo hububujika chemchemi zinazowakusanya wanyama. Humo huonekana punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye madoa yaliyokatwa kama vigae, choroa mwenye pembe zilizonyooka, mbuni wa Kisomali mwenye miguu ya kibuluu, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani ya mgunga. Wengi wa wanyama hao hawapatikani kusini ya Kenya.

Hapo ndipo Joy alipopiga kambi yake ya mwisho. Penny alikua, akaachiwa, akapata dume na kuzaa. Kazi hiyo ilikuwa karibu kukamilika, na kitabu chake, Queen of Shaba, kilitoka mwaka 1980, mwandishi akiwa hayupo tena duniani.

Jioni ya Januari 3, 1980, Joy alitoka kwa matembezi yake ya kila siku. Giza lilipoingia bila yeye kurudi, msaidizi wake alikwenda kumtafuta, akaukuta mwili wake njiani, si mbali na kambi. Habari zilizotangulia kutangazwa duniani zilisema kwamba ameuawa na simba, na watu wengi waliziamini kwa kuwa zilifanana na maisha yake. Polisi na madaktari hawakuziamini. Majeraha hayakuwa ya meno wala makucha, bali ya chombo chenye makali.

Uchunguzi ulielekea kwa kijana aliyewahi kumfanyia kazi kambini, ambaye alikuwa amefukuzwa. Alikana, lakini mwaka 1981 mahakama ilimtia hatiani. Hakuhukumiwa kunyongwa, kwa sababu haikuthibitika kwamba alikuwa amefikia umri wa utu uzima siku ya tukio. Alifungwa kwa muda usio na kikomo. Mwanamke aliyekaa kwa miaka zaidi ya 20 jirani na makucha ya simba, duma na chui bila kuuawa nayo, mauti yake yalitoka katika ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa. Zilikuwa zimesalia siku 17 atimize miaka 70.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakatawanywa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye alikufa kwa mkono wa binadamu. Agosti 20, 1989, majambazi wenye bunduki walimshambulia mgeni wake huko Kora. Mzee huyo wa miaka 83 aliendesha gari kwenda kumwokoa, akauawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Kora baadaye ilipandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa.

Yaliyobaki

Miaka ya 1980 ilikuwa mibaya kwa Meru. Majangili waliteketeza tembo, na mwaka 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi wa askari. Wageni walitoweka, hoteli zikafungwa. Mbuga hiyo ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanyama waliletwa kutoka sehemu nyingine, na vifaru wakapata tena eneo lao la ulinzi. Anayefika huko aweza kuliona kaburi la Elsa. Elsamere imekuwa makavazi na kituo cha mafunzo ya uhifadhi. Na katika Shaba, mahali palipokuwa kambi ya Joy pamejengwa kambi ya watalii yenye jina lake.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya urithi wa kisayansi wa Joy. Wengine husema kwamba kumrudisha porini simba mmoja hakusaidii kitu iwapo pori lenyewe linapungua, na kwamba mnyama aliyezoea watu ni hatari kwa wote. Wengine husema kwamba kabla ya Elsa, watu wengi wa mijini walimwona simba kama ngozi ya kutandika sakafuni, na baada yake walimwona kama kiumbe chenye tabia na hisia zake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na utalii wa kamera ukachukua nafasi ya utalii wa bunduki. Hadithi ya Elsa ilisaidia kuwaandaa watu kwa mabadiliko hayo.

Swali la wafugaji, hata hivyo, limebaki. Muda mrefu kabla ya kuwapo kwa idara yoyote ya wanyamapori, Waborana wa Waso walikuwa na utaratibu wao wa dedha, ambapo wazee huamua malisho gani yatumike masika na yapi yaachwe kwa ajili ya kiangazi. Nyasi zilizoachwa hivyo zilimfaa ng'ombe, na zilimfaa pia punda milia. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zote za upande wa Merti, zilianzishwa kinyume cha Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mahakamani hawakuwa wakipinga kuwapo kwa wanyama. Walitaka ijulikane nani mwenye kauli juu ya ardhi ambamo wanyama hao wanaishi.

Hilo ni fundisho ambalo maisha ya Joy Adamson yanalitoa bila yeye mwenyewe kulikusudia. Alikuwa na jicho la kuona uzuri wa ua, wa shanga za bi harusi na wa simba aliyelala juu ya mwamba, akawafanya watu wa mbali wauone. Lakini hakufanikiwa kuishi kwa amani na watu waliokuwa karibu naye, na hadithi aliyoiandika ilimpa simba jina huku mchungaji aliyeuawa mwanzoni mwake akiachwa bila jina. Mgeni anayeingia Shaba leo hukutana na mandhari ileile aliyoipenda, chemchemi zilezile na choroa walewale wa pembe ndefu. Akiufuata mto hadi Korbesa, atakutana na wachungaji wanaowafungia mbuzi wao ndani ya maboma ya miiba jua linapotua, kama walivyofanya baba zao usiku ule wa mwaka 1956.